Nilivyobandika Jino la Mama Lusungu

Mimi naitwa Hafidhi, fundi viatu wa soko la Tukuyu, na kabla hujaniuliza, ndiyo, ni yule yule aliyembandika mtu jino kwa gundi. Wanaonicheka waache wacheke. Wanacheka nusu ya habari, maana nusu ya pili hawaijui, na hiyo ndiyo inayonifanya niinamishe kichwa kila nikipita mbele ya meza ya Mama Lusungu. Leo naisema yote, ila usinikatize, nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha.

Babu yangu alikuja huku kutoka Pangani, fundi wa mikanda na mabegi, akaoa, akabaki. Baba akashona viatu, na mimi nikashona viatu. Miaka thelathini na moja niko kibanda kile kile, chini ya bati, na mvua juu ya kichwa, kwa sababu mvua ya Tukuyu haina cha msimu wala nini. Nina hasira za karibu, hilo sikatai. Mteja akinisimamia kichwani aniambie fanya fasta, nilikuwa namrudishia kiatu chake namwambia apeleke kwa hao wa fasta. Nilikuwa najisikia, jamani. Nilikuwa na haki ya kujisikia. Kiatu changu hakirudi.

Sababu hakirudi ni hii. Soli iliyobanduka unaisafisha, unaikausha kabisa, hata kama ni siku mbili juu ya jiko la mkaa. Unakwaruza kwa msasa pande zote mbili mpaka pawe na mikwaruzo. Unapaka gundi pande zote mbili, halafu unasubiri. Watu hawajui kusubiri, hapo ndipo wanapoharibu. Unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole hainati, ndipo unakutanisha, unagonga, na mwisho unashona kwa uzi. Kwenye unyevu gundi haishiki, inakudanganya tu. Hayo nimewaambia watu mpaka wamechoka kunisikia.

Mama Lusungu, jina lake Esnath, anauza ndizi na maparachichi mbele ya kibanda changu. Kwao ni Masukulu. Mumewe alifariki Lusungu yuko darasa la pili, na huyo binti amemlea kwa ndizi hizo hizo mpaka kawa mwalimu. Mimi na yeye tumetaniana miaka yote. Yeye huniambia, wewe Mswahili kazi yako kunusa viatu vya watu. Mimi humwambia, nyie Wanyakyusa mkikosa ndizi siku moja mnalazwa hospitali. Basi anacheka, na akicheka ni mdomo wazi, meno ya mbele yote nje, meupe, yamepangika. Alikuwa anayajua meno yake. Alikuwa anayapiga mswaki pale pale sokoni baada ya kula, bila haya, mbele ya wateja.

Mwaka huu Lusungu akaposwa, na sendofu, sherehe ya kumuaga, ikapangwa Jumamosi. Mama Lusungu hakuwa na neno lingine mdomoni. Baba hayupo, mjomba yuko mbali, kwa hiyo ni yeye mwenyewe atakayesimama mbele ya ukumbi mzima, ashike maiki, amkabidhi mwanawe. Jumatatu ya wiki hiyo akaniletea viatu vyake vya ibada, vyeusi vya ngozi, kisigino kifupi, kimoja soli imefunguka mbele. Aliniambia niangalie sana, ndivyo atakavyovaa Jumamosi, na kesho yake saa saba ana kikao cha kamati kanisani, angependa avivae avizoeze mguu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Jirani na mimi kuna kijana anaitwa Baraka, amefungua kibanda mwaka juzi, anatengeneza kiatu ukiwa umesimama. Asubuhi ile wateja wangu wawili walikuwa wamenipita wakaenda kwake, na mmoja alisema nisikie kwamba Hafidhi kazi nzuri lakini kiatu utakipata Krismasi. Niliumia. Nikasema leo watanijua. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, soli ile ilikuwa imelowa ndani, nikiibonyeza inatoa unyevu. Niliona. Nisikufiche, niliona kwa macho yangu. Nikaifuta kwa tambara, nikapaka gundi, nikapuliza kwa mdomo, nikagonga. Msasa sikushika, uzi sikushika. Dakika kumi nikamwita Mama Lusungu kwa sauti, makusudi Baraka asikie, nikamwambia kiatu tayari. Alishangaa, akanisifu mbele za watu. Nilifurahi mno.

Jumanne saa saba kasoro akafunika ndizi zake, akavaa viatu, akashuka ngazi za sokoni kwenda kikaoni. Nilikuwa namwangalia. Ngazi ya tatu soli ikajikunja chini ya mguu, akaenda mbele mzimamzima, mdomo ukapiga ukingo wa saruji.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Nikamkuta kakaa kwenye tope, mkono mdomoni, damu inapita kwenye vidole. Na unajua nilifanya nini kwanza? Sikumtazama mdomo. Nilitazama kiatu. Soli ilikuwa wazi kutoka kidoleni mpaka katikati, na gundi yangu inang'aa pale kama ute wa yai, haijashika hata kidogo. Nikamvua kile kiatu upesi, nikakiingiza chini ya koti langu, nikamvisha malapa yangu, na watu walipokuja mbio nikawa nasema utelezi, utelezi huu, ngazi hizi na mvua. Mimi ndiye niliyesema. Kila mtu akaitikia utelezi.

Alipotoa mkono, jino moja la mbele lilikuwa limekatika nusu, kimshazari. Akapapasa topeni mpaka akakiokota kipande, kizima, akakifuta tope, akakishika kwenye kiganja anakitazama. Ndipo alipolia. Hakulilia maumivu, alisema tu, Jumamosi, Jumamosi mimi nitasimamaje. Wanawake wakasema apelekwe kwa daktari wa meno sasa hivi. Nikaona akienda huko ataulizwa ameangukaje, atakumbuka kiatu, atakidai. Nikajitia kimbelembele. Nikasema, "Mama Lusungu, lete hapa, mimi nitalibandika."

Usidhani niliwaza hivyo hivyo tu. Mzee mmoja wa kule Kinyala meno yake ya bandia yalipasuka, nikayaunga kwa ile gundi ya kichupa kidogo inayokauka papo hapo, na mpaka leo anatafunia nyama. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya meno. Yeye naye aliniamini, kwa nini asiniamini, fundi ambaye kiatu chake hakirudi.

Nikamkalisha kwenye stuli ya wateja. Watu wamezunguka, wengine wameinua simu. Nikalifuta jino kwa leso, mate yanakuja, nafuta, yanakuja. Nikatia tone, nikakiweka kipande, nikabana. Gundi ikatiririka mpaka kwenye fizi, akaruka kwa uchungu, machozi yakamtoka, na kidole gumba changu kikanata kwenye mdomo wake wa juu. Watu wakavunjika mbavu. Nilipokibandua kilitoka na ngozi. Kipande kilikaa, lakini kimetokeza mbele kidogo. Zakia muuza vioo na vitana akamletea kioo, Mama Lusungu akajitazama muda mrefu, kisha akaniambia ndaga, yaani asante kwa lugha ya kwao, akanichagulia maparachichi matatu makubwa. Nikayapokea. Nikayapeleka nyumbani na tukayala.

Mke wangu, Ummy, mama wa mwanetu Rayyan, alipopata habari hakupiga kelele, na Ummy asipopiga kelele ujue pameharibika. Aliniambia lile ni jino la mtu. Kiatu sikumwambia. Kilikuwa kibandani chini ya sanduku la misumari, nimekifunika gunia.

Jumatano Mama Lusungu alikuja na khanga mdomoni. Mdomo umevimba, fizi imebabuka nyeupe kama ngozi iliyoungua kwa chai. Jioni yake akila ndizi laini kabisa, kipande kikadondoka mkononi. Alhamisi asubuhi Ummy akanitoa kitandani, akasema utampeleka mwenyewe, na utakaa mpaka mwisho.

Kliniki ya meno tulimkuta daktari mwanamke, kijana, Sekela jina lake, mkarimu lakini mkali. Aliwasha taa, akamfungua mdomo. Kisha akauliza nani kafanya hivi.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika mwavuli wa Mama Lusungu na pochi yake. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Lakini Mama Lusungu akaniwahi.

"Nimejibandika mwenyewe," alisema.

Basi yule binti akamsema. Akamsema kwa adabu lakini akamsema, mtu mzima, mama wa mwalimu: kwamba gundi ya dukani inaunguza fizi, kwamba angeweza kuua jino, kwamba jino likivunjika kipande kinatiwa kwenye maziwa au maji safi na kuletwa siku ile ile, si kupakwa madude na kukauka siku mbili. Mama Lusungu anaitikia ndiyo, ndiyo daktari, samahani, kwa mdomo ule uliovimba. Mimi niliuchuna. Natazama mwavuli. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, na bado niliuchuna, kwa sababu kila sekunde iliyopita ilifanya ile inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Daktari akakitumbukiza kipande kwenye maji ya chumvi, akakiacha kinywe maji, akaanza kukwangua gundi yangu kwenye jino, kidogo kidogo, karibu saa nzima. Kila ikitoka chembe aliiweka kwenye karatasi nyeupe, na mimi nazihesabu. Halafu akawa anafanya huku anaeleza, maana ni mtu wa kueleza. Alimzungushia pamba na kipande cha mpira, mate yasifike. Akapaka jeli ya bluu, tindikali laini, akasema hii inalikwaruza jino, macho hayaoni lakini panakuwa na vishimo vya kushikia. Akaosha, akakausha kwa hewa. Akapaka kimiminika chembamba cha kushikisha, juu ya jino na juu ya kipande, pande zote mbili. Akatia ujiuji wenye rangi ya jino, akakikalisha kipande taratibu, akamulika taa ya mwanga wa bluu, na ule uji ukawa mgumu pale pale.

"Mama, siri yote ni hii," alisema. "Pawe pakavu, pakwaruzwe kwanza, na usiharakishe. Pakiwa na unyevu hakuna gundi inayoshika. Hata fundi viatu anajua hilo."

Alikuwa hajui mimi ni nani. Mama Lusungu amelala kwenye kiti, mdomo wazi, na hakugeuza macho kunitazama. Nilitamani ageuze. Angegeuza ningejua ananicheka au ananilaumu, ningepata pa kushika. Alitazama dari tu.

Mwisho wake jino likasimama mahali pake. Daktari alisema ukingo umeliwa kidogo kwa sababu ya kukwangua, kwa hiyo mstari utaonekana, na kipande kitakuwa cheupe kuliko jino kwa siku kadhaa kwa kuwa kilikauka. Asilitumie kung'atia mahindi wala muwa, arudi baada ya wiki, maana mzizi ulipata mshtuko na jino linaweza kuja kuwa jeusi. Lakini Jumamosi, alisema, utacheka.

Njiani kurudi nilimuuliza Mama Lusungu kwa nini alisema vile. Alijibu kwa kifupi, mdomo bado una ganzi, kwamba ningeaibika, na mimi nina jina langu pale sokoni. Kisha akanitazama. "Kiatu changu kiko wapi, Baba Rayyan?"

Nikamwambia kiko kibandani, namalizia. Akasubiri. Tulitembea kutoka kona ya stendi mpaka sokoni hajasema neno, na mimi nikajaza njia yote kwa maneno juu ya bei ya mkaa. Siku ile iliyobaki, mpaka usiku, nikakikausha kile kiatu, nikakwaruza, nikapaka, nikasubiri, nikashona mistari miwili. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ilikuwa ya kuficha kosa. Ijumaa nikampa. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye uzi, akasema safari hii umeshona. Nikasema ndiyo, kwa ajili ya sherehe.

Jumamosi tulikwenda, mimi na Ummy, tumevaa vizuri. Ukumbi umejaa. Mama Lusungu kavaa kitenge cha bluu, kasimama wima na viatu vyake, na jino lake. Ukijua pa kutazama unauona mstari, na kipande cheupe kidogo. Alimkabidhi Lusungu kwa maneno ambayo yaliwaliza mpaka wapambe. Na mara tatu nilimwona akianza kucheka, mkono ukapanda wenyewe kufunika mdomo. Yule mwanamke aliyekuwa akicheka meno yote nje.

Halafu akasema kuna mtu anataka kumshukuru. Akanitaja. Akasema jirani yangu, fundi wangu, Baba Rayyan, wiki hii nilianguka na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuninyanyua, na ndiye aliyekaa na mimi kwa daktari mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi, vigelegele, Emsii akanivuta mbele. Nikavishwa kitenge mabegani. Mama Lusungu akachukua maiki kutoka mdomoni mwake, akaniwekea mkononi, akaniambia polepole, "Sema neno, fundi."

Nikatazama watu wote wale. Nikatazama viatu vyake. Nikasema asanteni sana, ndaga fijo, Mungu awabariki maharusi. Nikarudisha maiki. Wakapiga makofi tena, kwa sababu nimesema Kinyakyusa.

Usiku ule sikulala, na Jumapili nilishinda ndani. Nilimwambia Ummy yote, kuanzia kiatu. Akakunja kile kitenge, akakiweka juu ya kabati, akasema hawezi kukivaa.

Jumatatu nilivuka njia kabla sijafungua kibanda. Mama Lusungu alikuwa anapanga maparachichi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitazunguka. Nikamwambia soli ilikuwa mbichi na niliona, nilifanya haraka kwa kiburi, ni kiatu changu kilichomwangusha si utelezi, nilikificha chini ya koti, na jino nililibandika ili asiende kwa daktari akaulizwa. Nikamwomba radhi. Sauti ilinikatika, sioni aibu kusema hilo, nina aibu nyingine za kutosha.

Hakushtuka. Aliendelea kupanga, makubwa mbele, madogo nyuma.

"Nilianguka mdomo, Baba Rayyan, sikuanguka macho," alisema. "Nilikuona ukikivua."

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, kwa nini ulinisitiri kwa daktari, kwa nini ukanishukuru mbele za watu. Hapo akaacha maparachichi. Akafunika mdomo kwa mkono, ule mkono mpya ambao mimi ndiye niliyemzoesha, akasema:

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Kwa daktari nilikungoja. Njiani nilikungoja. Nikakupa mpaka maiki."

Mteja akaja, akauliza mkungu bei gani, naye akamgeukia. Mimi nikavuka njia kurudi kibandani.